Nani kasema? Kisa cha simulizi ya Majimaji iliyoharibika usiku wa kwanza

Usuli

Kijiji kiko katika milima ya Umatumbi, nyuma ya pwani ya Kilwa. Majina ya kijiji, shule, familia na wasimulizi yameondolewa. Majina na miaka iliyobaki ni ya historia inayojulikana na wote.

Kikundi kilikuwa cha watu sita: walimu wawili wa shule ya msingi, vijana watatu wa kijijini na mtendaji mstaafu. Walitaka kusimulia Vita vya Majimaji kwa wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba wakiwa wamekaa na wazazi wao, usiku mmoja wa Julai. Ni mwezi ambao mwaka 1905 watu wa milima hiyo hiyo waling'oa miche ya pamba huko Nandete.

Mambo makuu ya vita hivyo yanafundishwa shuleni. Serikali ya Kijerumani chini ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja kuanzia 1902, na watu wakalazimishwa kuyalima chini ya majumbe na maakida, wasimamizi waliowekwa na serikali hiyo. Aliyekaidi alilazwa chini akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akaanza kugawa maji ya dawa yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji. Pamba iling'olewa Julai 1905, Kinjikitile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, na vita vikaenea hadi Liwale, Mahenge na Ungoni, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Wajerumani walishinda kwa bombomu, bunduki za rashasha, kisha wakamalizia kwa moto: mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Ugumu wa kijiji hiki ni kwamba vitukuu vya waliong'oa pamba na vitukuu vya waliosimamia pamba wanachota maji kwenye kisima kimoja. Kikundi kililijua hilo. Uzito wake hakikuupima.

Kukusanya kauli za wazee

Kazi ilianza Aprili. Vijana walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza, "Hapa nani anajua historia ya Majimaji?" Walielekezwa kwa wazee tisa, wote wanaume. Wengi wa wazee hao walitoa maelezo yaliyofanana mno: ari, umoja, uzalendo, sababu nne za vita, matokeo matano. Yalikuwa maneno ya kitabu cha shule yakitoka kinywani mwa mzee. Hakuna aliyedanganya. Vita hivi vimefundishwa madarasani kwa miongo mingi, na mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita vijiji vya kusini wakikusanya kauli za wazee wa wakati ule. Kauli hizo zikaingia vitabuni, vitabu vikarudi vijijini, na mjukuu akazisoma kabla babu yake hajapata nafasi ya kumwambia.

Mtendaji mstaafu ndiye aliyebadili swali. Badala ya kuuliza habari za vita, waliuliza habari za chakula: "Mwaka wa njaa ile, bibi yako alisema walikula nini?" Mara moja wakaanza kuelekezwa kwa wanawake. Kina mama wanne wakaongezeka, na kauli zao zilikuwa na mahali, na mtu, na kitu cha kushika mkononi.

"Ndiga," alijibu mmoja wao. "Na ndiga, mjukuu wangu, haina haraka."

Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, kisha hutiwa kwenye kikapu na kulowekwa katika maji yanayotiririka kwa siku kadhaa, ndipo hukaushwa na kutwangwa. Ming'oko, viazi vingine vya porini, huchimbwa ikachemshwa na kuliwa siku hiyo hiyo, ndiga haitaki hivyo. Mwenye njaa asiyeweza kungoja hula sumu. Bibi huyo alisimulia, kama alivyosikia kwa bibi yake, jinsi mama mmoja alivyokuwa akikaa kijitoni usiku kucha kulinda kikapu cha ndiga, kwa sababu watoto walikuwa wakichomoa vipande kabla sumu haijaisha.

Kwa kila kauli waliandika mambo matatu: kasema nani, alisikia kwa nani, na alikuwa akifanya nini aliposikia. Swali la tatu linaonekana dogo, lakini ndilo linalochuja. Mzee wa miaka themanini na kitu angeweza kabisa kusikia kwa bibi aliyekuwa mtoto mwaka 1905, kwa hiyo mnyororo ni mfupi, na aliyesikia kweli hukumbuka kwamba walikuwa wakipura mtama au wakiota moto. Asiyeweza kusema alisikia wapi, kauli yake haikutupwa; iliwekwa kando na kutiwa alama.

Kosa la hatua hii lilikuwa la kizembe. Rekodi zote zilikaa kwenye simu moja, simu ikaingia maji, na mahojiano mawili yakapotea. Mmoja wa wazee hao wawili alifariki Juni.

Usiku wa kwanza

Walikuja watu wapatao mia mbili. Palikuwa na jenereta, taa mbili na kipaza sauti. Msimulizi, kijana mwenye kipaji cha kweli, alianza kama wasimulizi wote wanavyoanza: "Hadithi, hadithi!" Watoto wakaitikia kwa nguvu: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

Simulizi ilichukua saa moja na dakika hamsini. Ilianza na Karl Peters na mikataba, ikapitia Mkutano wa Berlin, ikafika kwenye pamba baada ya dakika arobaini. Watoto wa darasa la tano walikuwa wamekwisha kulala. Kelele za jenereta zilizima viitikio, maana mtu akiwa mbali na kipaza sauti hasikiki, na asiyesikika huacha kuitikia.

Ilipofika sehemu ya maji, msimulizi aliigiza. Alijimwagia maji kichwani, akapiga kifua, akakimbilia "bunduki", akaanguka kwa kishindo. Watoto wakacheka mpaka wakashikana mabega. Aliinuka, akarudia, akaanguka tena. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele, mmoja wa waliohojiwa, alichukua mkongojo wake akaondoka bila kuaga.

Muda mfupi baadaye msimulizi alimtaja kwa jina akida wa eneo lile, na jina la ukoo wake. Alikuwa ameambiwa na wazee wawili, na aliamini kwamba ukweli hautakiwi kufichwa. Asubuhi iliyofuata, kwenye kisima cha shule, mtoto wa kike wa darasa la sita aliitwa "mtoto wa akida" na kundi la wenzake. Siku tatu hakuja shule. Siku ya nne baba yake alikuja kwa mwalimu mkuu.

Wiki tatu baadaye walimu waliwaomba wanafunzi wasimulie walichokisikia. Karibu wote walikumbuka kwamba Kinjikitile aliingia katika kidimbwi, akalala chini ya maji na kutoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Wengi walidhani pia kwamba kunyongwa kwake ni sehemu ya ngano hiyo hiyo. Wengine walisema hakufa, alirudi majini.

Maamuzi na sababu zake

Kikundi kilikaa mara tatu. Mjadala mrefu kuliko yote ulikuwa juu ya neno moja, *hadithi*.

Mwalimu mmoja alisema tatizo ni watoto kutosikiliza. Mtendaji mstaafu alimpinga kwa hoja ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki: watoto walisikiliza vizuri kabisa. Waliambiwa waite uongo uje, wakauita, ukaja. Kiitikio kile ni mkataba kati ya msimulizi na msikilizaji kwamba kwa muda huu sungura ataongea na hakuna atakayeuliza kama ni kweli. Ukifungua habari za watu walionyongwa kwa mkataba huo, umekwisha kuwatoa kwenye historia na kuwaweka pamoja na sungura na fisi. Kusema baadaye "hii ni kweli" hakusaidii, kwa sababu hata kwenye ngano msimulizi husema hivyo.

Wakaamua kufungua kwa njia nyingine. Msimulizi angesema, "Nina habari ya mahali hapa." Hadhira ingejibu, "Nani kasema?" Na swali hilo hilo lingekuwa kiitikio cha simulizi nzima. Kila msimulizi anapotoa jambo zito ananyamaza, hadhira inauliza "Nani kasema?", naye ana majibu matatu tu: *Wazee wamesema. Mdachi* (yaani Mjerumani) *kaandika. Nabuni mimi.* Jibu la kwanza linafuatwa na mnyororo mfupi, kwa mfano "kasema bibi mmoja wa bondeni, aliyesikia kwa bibi yake wakimenya ndiga". La pili linafuatwa na tarehe. La tatu halifuatwi na kitu. Kubuni kuliruhusiwa, maana hakuna anayejua mama yule alikuwa akifikiri nini usiku ule kijitoni, lakini kulitajwa.

Juu ya akida, kulikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa kumwondoa kabisa. Lilikataliwa, kwani bila akida pamba inabaki bila mkono ulioshika kiboko, na mtoto hataelewa kwa nini miche ya mmea tu iliwasha vita. La pili, lililokubaliwa, lilikuwa kueleza cheo na kuacha jina: akida aliwekwa na nani, alikusanya nini, naye aliadhibiwa vipi kodi isipotimia. Kabla ya chochote, mwalimu mkuu na mtendaji mstaafu walikwenda kwa familia ile. Hawakwenda kuomba ruhusa ya kusimulia. Walikwenda kuomba radhi, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka. Safari ya pili walikaribishwa na bibi wa nyumba, naye akatoa habari ambayo hakuna mzee aliyekuwa ameitoa: nyumba yao ilipochomwa mwaka ule, wanawake na watoto walijificha pangoni, na waliporudi hawakukuta chakula. Nao walikula ndiga.

Habari hiyo ilibadili mpango mzima wa simulizi. Iliamuliwa ianze na njaa, ndipo irudi nyuma kutafuta njaa ilitoka wapi. Ukianza na vita, watu wanagawanyika tangu mwanzo, wa huku na wa kule. Ukianza na kikapu cha ndiga, kila ukoo uliopo una bibi aliyekaa kijitoni.

Kilichobaki kilikuwa kicheko. Watoto walicheka kwa sababu walionyeshwa mwisho wa imani bila kuonyeshwa mwanzo wake. Kwa hiyo maji yangepewa nafasi ya kutosha kabla ya risasi: kwamba watu wa bonde la Rufiji walikuwa wamezoea kwenda kwa mzimu wa Bokero kuomba mvua na mavuno, kwamba maji yale yalichanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, vitu vya nyumbani kwa kila mtu, kwamba koo na makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja hayakuwa na njia nyingine ya kuapa pamoja, na kwamba wengi wao walikuwa na mikuki na magobori, bunduki ambazo kila zikipigwa risasi moja hujazwa upya baruti kupitia mdomo wa mtutu. Na hakuna kuigiza mtu anayepigwa risasi. Hili lilikuwa katazo, na tunaliunga mkono kwa nguvu zote: mwili unaoanguka jukwaani utachekwa daima na watoto, hata msimulizi awe hodari namna gani.

Kulikuwa pia na wazo la kupanda mstari mmoja wa pamba shuleni ili watoto waone mmea wenyewe. Bwana shamba alilizuia. Mikoa ya kusini ilikuwa ndani ya karantini ya pamba kwa sababu ya funza mwekundu, mdudu wa pamba, na kupanda hata miche kumi lilikuwa kosa. Walitumia sufi ya msufi, na msimulizi aliagizwa aseme wazi: "Hii si pamba, ni sufi. Pamba yenyewe haturuhusiwi kuipanda huku." Watoto waliona ajabu kwamba mmea uliolazimishwa kwa viboko sasa umekatazwa kwa sheria, na maswali yaliyotoka hapo yalikuwa mazuri kuliko ya siku zote.

Usiku wa pili

Ilikuwa Septemba, kabla mvua hazijaanza. Hapakuwa na jenereta wala kipaza sauti. Hadhira iligawanywa usiku mbili, watu wasiozidi themanini kila usiku, wamekaa nusu duara chini ya mwembe, safu ya mwisho ikiwa hatua kumi na mbili kutoka kwa msimulizi. Kulikuwa na taa za chemli nne, zote chini, ili uso wa msimulizi uonekane na nyuma yake pawe giza.

Dakika thelathini na nane. Tarehe tatu tu ndizo zilizotajwa: Julai 1905, 4 Agosti 1905, na 27 Februari 1906.

Mama mmoja, si yule kijana, ndiye aliyefungua. Alikaa chini na kikapu, akatoa ndiga, akaimenya kimya na kuikata vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa taa. Watoto wakasogea wenyewe. Kisha akasema, "Nina habari ya mahali hapa."

"Nani kasema?"

Mara ya kwanza walisema kwa aibu. Mara ya nne walikuwa wakipaza sauti. Ilipofika Kinjikitile kuingia kidimbwini, kijana, ambaye sasa alisimulia sehemu ya kati, alijibu "Wazee wamesema", akataja nani. Ilipofika Mohoro alijibu "Mdachi kaandika", akataja tarehe. Tofauti ya sauti ilisikika, na mtoto mmoja alinong'ona kwa mwenzake, "Basi hii imetokea."

Mwisho wa sehemu ya vita kijana alishika kata ya maji, akaanza kuyamwaga ardhini taratibu mbele ya safu ya kwanza mpaka yakaisha. Alikuwa ameagizwa ahesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla ya kusema neno. Alifika kumi na nne akashindwa kuvumilia, lakini ilitosha. Hakuna aliyecheka.

Idadi ya waliokufa haikusemwa kama namba moja. Msimulizi alieleza kwamba Wajerumani walikadiria watu 75,000, na kwamba wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000. Kisha akawaomba watu wazima wataje mahame wanayoyajua, sehemu ambapo miembe imesimama porini bila nyumba. Walitaja saba. Si mahame hayo yote ni ya mwaka ule, na hilo pia lilisemwa.

Matokeo

Baada ya wiki tatu walimu walirudia zoezi lile lile. Wanafunzi wengi waliweza kusema lipi ni kauli ya wazee na lipi limeandikwa. Wachache bado walichanganya, hasa wa darasa la tano. "Nani kasema?" imehamia darasani na uwanjani, na walimu wanasema inawachosha kidogo, maana sasa hata ratiba ya mitihani inaulizwa hivyo.

Mzee aliyeondoka usiku wa kwanza alikuja, akakaa hadi mwisho, na kesho yake alimwita kijana nyumbani akamwonyesha kijito ambako kwao walikuwa wakiloweka ndiga. Binti wa darasa la sita alikuja na bibi yake. Bibi hakusimama kusimulia mwenyewe, lakini alikubali habari ya pangoni isemwe, bila jina.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kiitikio, na sababu yake iko ndani ya mila yenyewe. Hadhira ya Kiswahili haikai kimya. Imezoea kujibu, na ukiinyima jibu inalala. Kikundi hakikuiondoa sehemu ya hadhira. Kiliigeuza tu kazi yake: kiitikio cha zamani huita uongo, hiki kipya huuliza chanzo. Lakini kina hatari. Kikiitwa baada ya kila sentensi kinageuka mchezo, na katika usiku wa kwanza kati ya hizo mbili kiliitwa mara nyingi mno. Mara nane hadi kumi kwa dakika arobaini zinatosha. Msimulizi ndiye anayenyamaza kuialika, na hadhira isipewe nafasi ya kuita popote.

Kitu kimoja kilichoshikwa mkononi kilifanya kazi kubwa kuliko maneno mengi, mradi kiwe kinahitaji muda. Ndiga inamenywa na kukatwa mbele ya macho, na muda huo wa kungoja ndio habari yenyewe. Sufi haikufaulu hivyo: ni laini, haichomi vidole kama ganda kavu la tumba la pamba linavyochoma, na watoto waliipuliza hewani. Ingefaa kuwapa jembe na mstari wa hatua ishirini wa kupalilia.

Suala la jina la akida halina kanuni moja. Hapa kuliacha kulikuwa sahihi kwa sababu familia ipo, ni ndogo, na mtoto wake anasoma shule ile ile. Jina hilo linaweza kusomwa na mtu mzima anayelitafuta. Halihitaji kutamkwa mbele ya watoto. Kilichokuwa kosa tangu mwanzo ni kufanya mahojiano upande mmoja. Wazee tisa wa kwanza wote walitoka koo zilizopigana, na kikundi hakikugundua, kwa kuwa swali "nani anajua historia?" huelekeza kwa wale ambao historia inawasifu.

Lugha ndiyo iliyoachwa nyuma. Nyimbo tatu zilizokusanywa zilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya usiku wa kwanza, na zilikufa: maneno yalibaki, mdundo ukaondoka. Usiku wa pili bibi mmoja aliimba wimbo mmoja kwa Kimatumbi bila kutafsiri, na maana ikaelezwa baadaye kwa sentensi mbili. Wengi walitulia. Lakini watoto wa wahamiaji, ambao sasa ni wengi kijijini, walitazamana, na kikundi bado hakijapata njia ya kuwaingiza.

Rekodi sasa zinanakiliwa siku ile ile kwenye vifaa viwili vinavyokaa nyumba mbili tofauti, na kila rekodi inaanza kwa sauti ya anayehoji akitaja tarehe, mahali na nani yupo. Mzee aliyefariki Juni hakurekodiwa tena. Binti yake anakumbuka sehemu ya alichosema, nayo imeandikwa kama kauli yake yeye, mnyororo ukiwa umeongezeka pete moja.

Simulizi ijayo imepangwa kwa msimu ambao ndiga inachimbwa, na kina mama wanne wameomba wiki moja kabla, ili vipande vitakavyopitishwa kwa hadhira viwe vimekwisha kulowekwa na kukauka. Vile vibichi vitabaki kikapuni, kwa msimulizi, mbali na mikono ya watoto.